Kimeo, tonsesi na vingine: yanayoonekana kooni mwa mtoto bila kuwa ugonjwa

Mtoto akikohoa siku tatu mfululizo, siku hizi tochi ya simu huwashwa kabla ya safari ya kliniki. Mama anamwambia apanue mdomo, baba anapiga picha, picha inarushwa kwenye kundi la familia. Kufika jioni majibu yamejaa: kimeo kimeanguka, tonsesi zimevimba, kuna vipele nyuma ya koo, kuna kitu kimeota kwenye shina la ulimi. Mara nyingi koo hilo halina kasoro. Tatizo ni kwamba hakuna mtu kwenye kundi aliyewahi kulichungulia mtoto alipokuwa mzima, kwa hiyo kila kinachoonekana kwa mara ya kwanza kinahesabiwa kuwa kimezuka leo.

Wahudumu wa afya nao hawajapona. "Koo jekundu" ni maneno yanayoandikwa kwenye kadi za watoto wengi kuliko inavyostahili, na baada ya maneno hayo hufuata dawa ya antibayotiki. Mtoto aliyelia dakika tano ana koo jekundu. Aliyetoka kutapika pia. Na hata aliyetulia kabisa huwa na mstari mwekundu kwenye nguzo za mbele za tonsesi, yaani mikunjo ya nyama iliyo mbele ya kila tonsesi, kila siku, bila homa wala maumivu.

Tuanze na namna ya kutazama, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Mtoto mdogo akae mapajani mwa mzazi, mgongo wake ukiegemea kifua cha mzazi. Mkono mmoja wa mzazi uikumbatie mikono yote miwili ya mtoto, mwingine ushike paji la uso na kukituliza kichwa kifuani, na miguu ya mtoto ibanwe kati ya magoti. Pima pumzi, sikiliza kifua, tazama masikio. Koo liwe la mwisho, kwa sababu baada ya hapo hutampata tena mtoto mtulivu. Tochi iwe ya mwanga mweupe. Ya mwanga wa njano hukunyima rangi, na kooni rangi ni nusu ya habari.

Mtoto wa miaka minne kwenda juu mara nyingi hahitaji kijiti cha kukandamiza ulimi. Mwambie atoe ulimi nje kabisa na aheme kama mbwa aliyekimbia juani. Wengi wakisema "aaa" ulimi hupanda katikati na kuziba kila kitu, lakini wakihema ulimi hushuka wenyewe. Kijiti kikihitajika, kichovye kwanza kwenye maji safi, kwani mti mkavu hunata ulimini na hapo ndipo vita huanza. Kiingie kwa pembeni, kisha kikandamize sehemu ya mbele na ya kati ya ulimi tu. Ukienda mbali zaidi mtoto anataka kutapika, nawe unapata sekunde moja au mbili za kuona koo lote wazi. Wako wanaoitafuta sekunde hiyo makusudi. Shida yake ni kwamba koo linalotaka kutapika si koo lililopumzika: misuli inabana, tonsesi zinasukumwa kuelekea katikati hadi zinakaribia kugusana, na kwenye ukuta wa nyuma hujitokeza mkunjo wa misuli, unaoitwa mkunjo wa Passavant, ambao mtu asiyeuzoea huudhania uvimbe. Ukubwa wa tonsesi upimwe kabla ya hapo, si wakati huo.

Sasa kimeo. Ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, mwisho wa kaakaa laini. Kiswahili cha mtaani kimekionea: gari bovu ni kimeo, simu inayojizima ni kimeo, hata mtu asiyelipa madeni ni kimeo. Ndani ya mwili kina kazi. Kina misuli yake na tezi nyingi za mate mepesi yanayolowanisha koo, na mtoto anapomeza hupanda pamoja na kaakaa laini ili kuziba njia ya pua, chai isitokee puani.

Urefu wake hutofautiana kama urefu wa vidole. Kipo kifupi chenye ncha ya duara, kipo chembamba kirefu kinacholala juu ya ulimi mtoto akiwa ametulia, kipo kilichopinda kidogo kushoto au kulia. Kinachogusa ulimi hakijaanguka, ndivyo kilivyo. Kipimo rahisi ni kumtaka mtoto aseme "a, a, a" kwa kukatakata. Kaakaa likipanda sawasawa pande zote mbili na kimeo kikipanda nalo, basi kinafanya kazi, kiwe kirefu namna gani.

Kukata kimeo kunaendelea Tanzania, Kenya, Ethiopia, Nigeria na kwingineko Afrika, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kikohozi kisichoisha, kutapika au mtoto kutoongezeka uzito. Kwa nini imani hii haifi? Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu, hadi kiishe chenyewe. Mzazi huvumilia siku kumi, anatumia dawa ya maji, anatumia tangawizi, kisha anampeleka kwa mkata vimeo. Wiki inayofuata kikohozi kimekwisha. Kingekwisha vilevile kama asingepelekwa, ila ushahidi huo haupo wa kumwonyesha mtu. Upande wa pili wa hesabu ni damu isiyokata kwa mtoto ambaye pengine tayari ana upungufu wa damu kutokana na malaria, ni pepopunda, ni virusi vinavyosafiri kwa wembe uliotumika kwa watoto watano asubuhi hiyo, ni kaakaa laini kukatwa pamoja na kimeo, na hapo sauti ya mtoto hugeuka king'ong'o na maji hupitia puani. Na kubwa kuliko hayo ni muda unaopotea: nimonia, pumu au kifua kikuu vinaendelea kifuani huku watu wanahangaika na kooni.

Kwa hiyo mtoto anayekohoa, badala ya kumulikwa kimeo, fungua nguo kifuani na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Angalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Saa ya simu inatosha kwa kazi hii, na inaeleza mengi kuliko tochi yake.

Kipo kimeo kimoja kinachostahili kuangaliwa mara mbili: kile kilichogawanyika ncha kuwa mbili, kama ulimi wa nyoka. Wengi walio nacho hawana tatizo lolote. Katika watu wenye asili ya Ulaya huonekana kwa takriban 1 hadi 2 kati ya 100, na kwa Waafrika ni adimu zaidi. Lakini huweza kuwa bango la kinachojificha nyuma yake, yaani kaakaa lenye ufa chini ya ngozi yake: juu pamefunikwa, misuli ya ndani haikuungana. Mwaka 1954 daktari Calnan alieleza alama tatu za hali hiyo, na zinafaa hadi leo: kimeo cha ncha mbili, mstari wa rangi ya samawati unaopitisha mwanga katikati ya kaakaa laini, na pengo kwenye ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu. Hili la tatu halionekani, linapapaswa. Vaa glavu, pitisha kidole katikati ya kaakaa kuelekea nyuma hadi mfupa unapoishia. Kwa kawaida hapo kidole hukutana na kijincha kidogo kigumu. Penye ufa, badala ya kijincha kuna kishimo mfano wa herufi V. Na ute huweza kuzigandisha ncha mbili za kimeo zikaonekana moja, kwa hiyo ukishuku, zitenganishe taratibu kwa kijiti kilicholowa.

Swali la kumuuliza mama ni moja: alipokuwa mchanga, maziwa yalikuwa yakitokea puani? Kama ndiyo, au kama mtoto anaongea kwa king'ong'o, au masikio yake yanajaa maji mara kwa mara, apelekwe kwa daktari wa pua, koo na masikio. Hii ina uzito wa pekee kabla ya kuondoa nyama za nyuma ya pua. Kwa mtoto wa namna hii nyama hizo husaidia kuziba njia ambayo kaakaa limeshindwa kuiziba, na zikiondolewa zote, king'ong'o kinaweza kuwa cha kudumu. Daktari wa upasuaji ambaye hakutazama kimeo kwanza ameruka hatua. Mara chache sana kimeo cha ncha mbili huambatana na macho yaliyoachana mno na mshipa mkuu wa damu unaotanuka, hali iitwayo Loeys-Dietz, iliyoelezwa mwaka 2005. Ukiona macho na kimeo vya aina hiyo pamoja, moyo upigwe ultrasaundi.

Tonsesi nazo zina mkasa wa lugha. "Mtoto ana tonsesi" husemwa kama ugonjwa, wakati kila mtoto anazo, kama alivyo na masikio. Ugonjwa ni mafindofindo, yaani tonsesi zikiwa na maambukizi. Zenyewe ni sehemu ya pete ya tezi za kinga inayolizunguka koo, iliyopewa jina la Waldeyer, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1884. Mtoto huzaliwa nazo zikiwa ndogo, hukua kadiri mwili unavyokutana na vijidudu, huwa kubwa kuliko wakati wowote kati ya miaka mitatu na minane hivi, kisha hunywea taratibu kuelekea balehe. Mtoto wa miaka mitano mwenye tonsesi kubwa ana tonsesi za miaka mitano.

Ukubwa huandikwa kwa namba, kwa mizani ya Brodsky ya mwaka 1989. Sifuri ni tonsesi zilizojificha ndani ya mashimo yake. 1 zimechungulia nje ya nguzo lakini hazijazidi robo ya upana wa koo, 2 zimefika hadi nusu, 3 hadi robo tatu, na 4 zimezidi hapo, zinakaribia kubusiana. Namba hii ni ya nafasi, si ya ugonjwa. Yupo mwenye 4 anayelala kama malaika na yupo mwenye 2 anayekata pumzi usiku. Ndiyo maana swali la maana huulizwa kuhusu usiku: anakoroma karibu kila siku, pumzi inasimama kisha anashtuka, analala kichwa kimepinda nyuma, anatoka jasho jingi, ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha? Mwambie mzazi amrekodi video ya dakika mbili akiwa usingizini. Hapo ndipo simu ya familia inapofaa.

Tonsesi moja kuonekana kubwa kuliko ya pili ni jambo la kila siku. Mara nyingi zinalingana, ila shimo la upande mmoja lina kina zaidi, au mtoto aligeuza kichwa kidogo wakati wa kutazamwa. Rudia kichwa kikiwa kimenyooka. Inayotia wasiwasi ni ile inayokua upande mmoja ndani ya wiki chache, yenye rangi au sura tofauti na mwenzake, pamoja na tezi kubwa za shingo, homa za usiku au kukonda. Hiyo haisubiri.

Juu ya tonsesi kuna vishimo, takriban kumi hadi ishirini kila upande. Mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria hujikusanya humo na kufanya vipunje vyeupe au vya njano, vigumu kidogo, vyenye harufu mbaya sana. Sio usaha. Usaha wa mafindofindo hutapakaa juu ya tonsesi iliyo nyekundu na kuvimba, na mtoto anaumwa: ana homa na anakataa kumeza hata mate. Kipunje kimekaa peke yake kwenye shimo lake, tonsesi ina rangi yake ya waridi, na mtoto anataka chipsi. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, kwa mtoto anayeweza kutema, kunatosha. Usikikwangue kwa pini wala njiti ya kiberiti. Tonsesi ina mishipa mingi ya damu.

Vile "vipele" vya ukuta wa nyuma ni vijitezi vya kinga hiyohiyo, vimetawanyika kama mawe ya barabara ya zamani. Huonekana zaidi kwa mwenye mafua au mzio wa vumbi, na hubaki wiki nyingi baada ya mafua kwisha. Havihitaji dawa.

Kinachowashtua wazazi kuliko vyote ni epiglotisi, kile kifuniko cha njia ya hewa. Mtoto anatoa ulimi wote nje, na nyuma kabisa ya shina la ulimi kinachomoza kitu chenye umbo la jani au mwezi mwandamo, cha waridi iliyofifia kuliko nyama zinazokizunguka, ukingo laini, kinacheza anapohema na kuzama anapomeza. Kwenye picha kinafanana na uvimbe, au kitu alichokimeza kikakwama. Sababu yake ni umbo la mtoto. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ya mtoto mchanga iko juu, usawa wa pingili ya tatu au ya nne ya shingo, na hushuka kadiri anavyokua. Kukaa huko juu kuna faida: epiglotisi hukaribia kaakaa laini, na mtoto anaweza kunyonya huku akipumua kwa pua. Kwa watoto kadhaa kushuka huko huchelewa, nayo huendelea kuonekana hata wakiwa shuleni. Mtoto akiwa anacheza, anakula na sauti yake iko sawa, hakuna cha kufanya.

Hapa ndipo penye hatari ya upande wa pili. Epiglotisi iliyoambukizwa huvimba na kuwa nyekundu kama nyanya iliyoiva, na huweza kuziba hewa ndani ya saa chache. Mtoto huyo utamjua kabla hajafungua mdomo: homa kali ya ghafla, ameketi akiinama mbele huku akijishikiza kwa mikono, kidevu kimesogezwa mbele, mate yanachuruzika kwa kuwa hawezi kumeza, sauti imezibwa, hewa inapiga mluzi anapovuta ndani. Usimtie kijiti mdomoni. Usimlaze chali. Usimlizishe kwa sindano. Abaki mapajani mwa mama na apelekwe haraka penye mtu anayeweza kumwekea mpira wa kupitishia hewa kooni. Ugonjwa huu umekuwa adimu tangu chanjo ya Hib, bakteria anayeusababisha mara nyingi, iingie ndani ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2009, lakini mtoto aliyekosa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 bado yumo hatarini.

Mengine kwa haraka. Mtoto mchanga huwa na vidoa vyeupe vidogo kama chembe za wali katikati ya kaakaa au kwenye fizi. Watoto wengi wanavyo na huisha ndani ya wiki chache bila kusuguliwa na chochote. Utando mweupe ulimini ukifutika kwa kitambaa laini ni maziwa. Usipofutika, au ukiacha pekundu na upo hadi ndani ya mashavu, ni fangasi. Vinundu vikubwa 8 hadi 12 vilivyopangwa mfano wa V nyuma ya ulimi ni vya ladha, si vidonda. Ulimi wenye mabaka mekundu yenye kingo nyeupe, yanayohama mahali kila baada ya siku kadhaa, hauambukizi na hauna haja ya dawa. Kinundu kigumu nyuma ya gego la mwisho la juu, kila upande, ni ncha ya mfupa. Madoa meusi au ya kahawia kwenye fizi na kaakaa ni rangi ya ngozi yetu ikiendelea ndani. Ukiona ukuta wa nyuma unapigapiga kwa mdundo wa moyo, huenda ni mshipa mkubwa wa damu uliopita karibu na katikati. Mtoto hana ugonjwa, lakini liandikwe kwa herufi kubwa ili atakayemfanyia upasuaji wa koo siku moja alisome.

Fizi si koo, ila haziwezi kurukwa. Kwenye fizi ya mtoto ambaye hajaota chonge huonekana uvimbe mweupe mahali chonge litakapotokea. Ni jino changa. Mtaani huitwa meno ya plastiki, nayo hulaumiwa kwa homa na kuharisha, kisha huchimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chonge lenyewe likiwa bado laini, na mara nyingine chonge la ukubwani lililo jirani yake huharibika pia. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS na zinki.

Ya ugonjwa wa kweli yana sura yake. Homa ya ghafla, maumivu ya kumeza, tezi za shingo zinazouma zikiguswa, vidoa vyekundu kwenye kaakaa, na hakuna kikohozi wala makamasi, kwa mtoto wa miaka mitatu kwenda juu: fikiria bakteria ya streptokoka. Hapo antibayotiki ina kazi, na dozi iliyoandikwa siku kumi iishe siku kumi, kwani maambukizi haya yakiachwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Utando wa kijivu ulioganda kwenye tonsesi na kutoa damu ukiguswa ni wa dondakoo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kimeo kilichosukumwa upande mmoja, mtoto ana homa na hawezi kupanua mdomo, ni jipu nyuma ya tonsesi. Yote matatu ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Ukimaliza kutazama koo la mtoto mzima, andika ulichokiona, si "koo: sawa". Mstari mmoja kwenye kadi unatosha: "Tonsesi 3 pande zote, hakoromi. Kimeo kirefu, kinapanda vizuri. Epiglotisi inaonekana, ni ya kawaida kwake." Kisha msomee mama kwa sauti, na umwache apige picha ya kadi.